Kisu Kilichogoma Kufunga Mbele ya Baba Mkwe

Habari hii wengine mmeshaisikia kwa watu wa Kyimo, na najua mmeisikia vibaya, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, na wa kucheka mcheke mara moja tuyamalize. Ni kweli nilikutwa nimekaa kwenye tope, kisu wazi kimeinuliwa juu, na baba mkwe wangu yuko mapajani mwangu. Ni kweli akina mama wa maombi waliona kwa macho yao. Kwamba nilikuwa naongea na ng'ombe, hilo nalo ni kweli, ila lina maelezo yake. Kwamba nilimtishia yule mzee, hapana, na aliyesema hivyo namjua na siku moja tutakutana sokoni.

Yalianza hapo hapo sokoni Tukuyu, kwa kijana anaitwa Rajabu, anayeuza vitu vya mitumba vya watu wanaopanda milima, mabegi ya mgongoni, chupa za maji, tochi za kuvaa kichwani na visu vya kukunja. Sisi wanakwaya tulikuwa tumepanga kwenda kutembea Ziwa Ngozi, na mimi safari iliyopita nilikuwa nimekwenda mikono mitupu, nikaomba kisu cha mwenzangu kumenyea nanasi, akanipa huku anaguna (mguno ule ninausikia hadi leo). Safari hii nikasema nitakwenda nimekamilika.

Nikachagua kisu kimoja kizito, mpini mweusi wenye michirizi ya rangi ya chungwa, kina klipu ya kuning'iniza kiunoni. Rajabu, ambaye ni mstaarabu kuliko biashara anayoifanya, akasema ngoja dada nikuonyeshe kwanza, hiki si kama vya jikoni, kina vitu vyake. Sasa pembeni yangu alikuwa amesimama jirani yangu mmoja anachagua begi, mama mwenye macho ya kupima watu, na mimi sikutaka anione nafundishwa kushika kisu katika umri huu. Nikamwambia Rajabu kwa sauti ya kusikika, "Kaka, mimi nimekulia na visu, nimemenya ndizi kabla sijajua kusoma."

Hata hivyo akaonyesha, haraka haraka, vidole vyake vinakwenda huku na huku, akataja sefti, akataja meno, akataja loki, akapitisha kauzi kwenye tundu la mwisho wa mpini, na mimi muda wote naitikia ndiyo, ndiyo, najua, huku naangalia ile michirizi ya chungwa ilivyofanana na viatu vyangu. Nikalipa kwa simu, nikaondoka. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo tu, kusema najua.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kuhusu nyumba niliyoolewa, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini niliogopa. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hali mbele yake, na mzee naye akisikia mkwe anakuja anajipitia njia nyingine. Wenyewe wanaita ukutila, yaani kuheshimu kwa namna ya kuogopa. Siku hizi wengi wamelegeza, kuna rafiki zangu wanapiga picha na baba wakwe zao na kuweka mtandaoni, lakini mzee wetu Kyimo hajalegeza hata uzi. Tangu niolewe na Ambakisye, mtoto wake wa pili, sijawahi kumwona yule mzee usoni. Najua mgongo wake, najua kofia yake, najua kikohozi chake. Salamu zinapitia kwa mama mkwe. Nikifika pale utaratibu ni mmoja, nasimama kwenye migomba ya mwanzo, nakohoa, nasubiri, nasikia kiti kinasogezwa na hatua zinaelekea nyuma ya nyumba, halafu ndipo napita na khanga yangu kichwani. (Mume wangu anasema nimezidisha, lakini yeye si mkwe.)

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikapungua ikabaki manyunyu yetu yale yasiyoisha. Ambakisye alikuwa kazini, nikachukua bodaboda peke yangu hadi Kyimo kumpelekea mama mkwe sukari na sabuni. Kisu nilikuwa nimekining'iniza kiunoni chini ya khanga, na ule uzi nimeufunga kwenye kifundo cha mkono, fundo la nguvu, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mama mkwe kilivyo na sikutaka kianguke njiani. Nikafika kwenye migomba ya mwanzo, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena kwa adabu zaidi. Hakuna kiti, hakuna hatua. Mlango wa jiko una kufuli.

Ndipo nikasikia nyuma ya jiko ng'ombe anakoroma, si kulia, anakoroma, na sauti ya mwanamume anayehema. Nikazunguka taratibu nikichungulia kwenye majani ya migomba.

Mzee alikuwa amepiga magoti chini ya mparachichi, uso kwenye shina. Alikuwa anamfunga pale ng'ombe wao wa maziwa, Zawadi, mwenye mimba kubwa, na kabla hajamaliza fundo ng'ombe akateleza kwenye tope na kuporomoka mtaroni, ule mtaro mrefu wa kutoa maji shambani. Kamba ikavutika. Kitanzi kikakaza kwenye shina na mkono wa mzee ukiwa ndani yake, umebanwa kati ya kamba na mti, na upande wa pili kamba hiyo hiyo inamnyonga Zawadi shingoni, nusu ya mwili iko mtaroni, miguu ya mbele inaparua ukingo, ulimi nje. Panga la mzee lilikuwa limeangukia chini, kwenye miguu ya ng'ombe. Kila Zawadi akijitupa, kamba inauma mkono wa mzee zaidi, na vidole vilivyotokeza upande wa pili vilikuwa vimeanza kubadilika rangi.

Nikapiga kelele kuita watu, nikaita kwa nguvu zangu zote, lakini kule kanisani spika zilikuwa zinaimba na nyumba ya karibu iko ng'ambo ya shamba. Mzee akasikia. Akauliza kwa Kinyakyusa ni nani, na mimi, mnisamehe, sikujibu. Mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Nilikuwa na woga wa vitu viwili kwa pamoja, naogopa mkono wa mzee utakatika na naogopa kumsemesha, na ule woga wa pili ulikuwa na nguvu sawa na wa kwanza, sijui kama mtu wa sehemu nyingine anaweza kulielewa hilo.

Kimya changu ndicho kilichonitambulisha. Mtu anayepiga kelele halafu akiulizwa jina ananyamaza, katika nyumba ile, anaweza kuwa mmoja tu. Nikamwona mzee anafumba macho, anageuza uso na kuubandika kabisa kwenye gome la mti, na pamoja na maumivu yale akatafuta njia ya heshima. Akasema na ng'ombe.

"Sawadi," akasema kwa Kiswahili (z na r za mzee hazitoki, kwa hiyo sisi wote tunamwita Zawadi na yeye anamwita Sawadi), "mwambie huyo aliyesimama nyuma, kama ana kisu, akate kamba."

Nikafumba macho na mimi. "Zawadi," nikasema, "mwambie baba kisu kipo."

"Mwambie asogee kalibu."

Nikasogea. Nikachomoa kisu kiunoni, nikaweka kidole gumba kwenye kile kinundu cha kufungulia kama nilivyomwona Rajabu, nikasukuma. Hakikufunguka. Nikasukuma kwa vidole viwili, kucha ikavunjika, bapa halikutikisika hata kidogo. Nikajaribu kwa meno. Zawadi akajitupa, mzee akaguna mguno ambao ulifanya ule wa nanasi uwe wimbo, na mimi nikamwambia ng'ombe maneno ambayo mpaka leo yananirudia usiku, "Zawadi, mwambie baba kisu kinakuja."

Mzee akamjibu ng'ombe. "Sawadi, muulise kinatoka wapi. Kinatoka Mbeya?"

Nisingelia pale ningelia wapi. Mikono imelowa, khanga imeanguka mabegani, nywele wazi mbele ya baba mkwe, na nimeshika kisu kipya ambacho kimenikataa. Nikajilazimisha kumkumbuka Rajabu, si maneno yake maana sikuyasikiliza, bali vidole vyake. Kabla ya kufungua kidole chake kilikuwa kimerudi nyuma kidogo, kimesukuma kitu. Nikapapasa mpini na kweli nikakuta kitufe kidogo pembeni, nikakirudisha nyuma, nikasukuma kinundu, na bapa likatoka kwa kishindo nusura linipitie kidole cha shahada. Kumbe hiyo ndiyo sefti, imewekwa ili kisu kisijifungukie kiunoni mwa mtu.

Sasa tatizo likawa pa kusimama. Upande wa mbele wa mti ni mtaro, na pembeni tope linaporomoka, kwa hiyo njia pekee ya kuifikia kamba ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mzee na kupitisha mkono juu ya bega lake. Bega la baba mkwe. Nikamwambia Zawadi amwombe baba radhi. Mzee akamwambia Zawadi kwamba radhi zitaombwa baadaye, sasa kamba. Nikapitisha mkono, koti lake lililolowa linagusa shavu langu, nikaweka makali kwenye kamba mahali ilipotoka kwenye shina, karibu kabisa na mkono wake, nikaanza kukata.

Haikukatika. Ilikuwa kamba ya nailoni, imelowa, imekaza, na yale makali laini ya mbele yanateleza juu yake tu, kila yakiteleza yanakimbilia kwenye ngozi ya mzee. Mara moja yaligusa. Nikaona mstari mwembamba mwekundu kwenye mkono wake na nikataka kukitupa kile kisu mtaroni, ila hakitupiki, kimefungwa kwangu kwa uzi. Zawadi akawa ameacha kuparua. Macho yamemtoka na kukoroma kwenyewe kumepungua, na hilo lilinitisha kuliko kelele zote. Mzee alikuwa amebana meno, nasikia pumzi zake kifuani mwangu, na mimi nikaanza kunong'ona, si kwa ng'ombe tena, kwa Mungu.

Bapa lilipoteleza tena nikahisi kitu kimekwaruza kamba, huku nyuma, karibu na mpini. Meno. Rajabu alitaja meno na mimi nilidhani anatania. Karibu na mpini kile kisu hakina makali laini, kina meno kama ya msumeno mdogo, na hayo ndiyo ya kamba, ya mbele ni ya nanasi. Nikasogeza kisu mbele hadi meno yakae, nikavuta mara moja nyuzi zikaanza kupasuka, nikavuta tena kwa nguvu zote za hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe, na kamba ikakatika.

Yakatokea yote kwa pamoja. Zawadi akaporomoka mtaroni, akavuta hewa kwa sauti kubwa, akakohoa. Mzee, ambaye alikuwa anavuta mkono kwa uzito wake wote, akarushwa nyuma, na nyuma yake nilikuwepo mimi. Tukaanguka, mimi chini nimekaa kwenye tope, yeye amelala chali mapajani mwangu, na kwa kuwa nilikuwa na kisu wazi nikakiinua juu kadiri mkono wangu unavyofika ili kisimguse.

Na hapo ndipo mama mkwe alipotokea kwenye kona ya jiko, na nyuma yake akina mama wa maombi na miavuli yao, maana kumbe kelele zangu zilikuwa zimefika hadi kanisani.

Jiwekeni mahali pao. Kamba hawaioni, ng'ombe yuko ndani ya mtaro haonekani, wanachokiona ni mkwe asiyetakiwa hata kumtazama mzee, nywele wazi, amempakata, na kisu kimeinuliwa juu ya kifua chake, na mkono wa mzee una damu. Mmoja akapiga ukunga ambao uliwatoa watu barabarani. Waliokuwa wananunua ndizi wakaja, madereva wa bodaboda wakaja, mwingine amekuja na simu imeshainuliwa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliniambia taratibu kama anavyosemeshwa mtu aliyepagawa, "Mwanangu, kwanza kiweke chini hicho kisu." Nikataka kukiweka, ule uzi ukakataa, fundo limelowa limekuwa jiwe, kisu kinaning'inia mkononi na kila nikitikisa mkono kujinasua kinacheza hewani, watu wanarudi nyuma. Mwingine akasema basi akifunge. Nikajaribu kukifunga. Nikakisukuma kwa kiganja, nikakibana kwenye goti, hakifungi, kimekakamaa wazi. Na kadiri ninavyohangaika ndivyo ninavyoonekana sitaki. Nikafungua mdomo nieleze habari ya kamba, nikakumbuka mzee yuko pale pale miguuni kwangu ananisikia, na sauti ikakatika tena. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona kwamba ugomvi utakuwa wa shamba, na mwenzake akaitikia. Niliona ndoa yangu inaondoka. Niliona nitarudishwa kwetu Kisondela na jina la mwanamke aliyemshikia mkwe wake kisu, na hakuna mtu duniani anayeweza kunitetea isipokuwa mmoja, na huyo hajawahi kunisemesha.

Mzee akajiinua akakaa. Akaangalia mkono wake, akakunja vidole, vikakunjika vyote. Kisha akageuka. Aligeuka kabisa, na kwa mara ya kwanza nikamwona usoni, ana macho ya Ambakisye yale yale, na tope kwenye ndevu. Hata yule wa simu akaishusha.

"Atupele," akasema. Sikujua kama analijua jina langu. "Funga kisu, mwanangu."

Nikamtazama na mimi, maana pa kujificha palikuwa pameisha. Maneno yangu ya kwanza kabisa kwa baba mkwe wangu, baada ya miaka yote ile ya kukohoa kwenye migomba, yalikuwa haya: "Sijui kinavyofungwa, baba."

Akacheka. Alianza kwa kikohozi chake kile ninachokifahamu, kikageuka kicheko, akaonyesha mtaroni na kusema ng'ombe yuko humo chini mumtoe, huyu ametuokoa wote wawili, ila ameanza kutuokoa asubuhi na amemaliza jioni. Vijana wa bodaboda wakaruka mtaroni. Mama mkwe akakaa chini kwenye tope pamoja na sisi, akaushika mkono wa mumewe, analia, akisema ndaga, ndaga fijo, hata sijui alikuwa anamshukuru nani.

Mngedhani aibu iliishia hapo. Kisu bado kiko wazi. Nikamtaja aliyeniuzia, na mmoja wa akina mama akachukua simu yangu, akampigia Rajabu kwa namba niliyomlipia na kuweka spika, akamweleza kuna dada hapa Kyimo kisu kimemgomea. Rajabu akauliza ni kile cha michirizi ya chungwa? Halafu ikaja ile sauti yake ya upole, umati wote unasikiliza, "Dada, si ulisema umekulia na visu?"

Walicheka hadi miavuli ikajifunga. Nikasubiri wamalize. Rajabu akanielekeza kana kwamba sijawahi kumdharau, nirudishe sefti kwanza, kisha nichungulie ndani ya mpini, nitaona kibati chembamba kimeruka kikakaa nyuma ya bapa, hicho ndicho loki, kinazuia kisu kisikunjike na kunikata vidole wakati wa kazi. Nikisukume pembeni kwa kidole gumba, nitoe vidole njiani, nikunje polepole. Nikafanya hivyo. Kikalia *ka*, kikafunga. Akina mama wa maombi wakasema amina, wote kwa pamoja.

Ziwa Ngozi nilikwenda, na nanasi nilimenya, na kuna aliyeniomba kisu nikampa, ila nilimweleza kila kitu chake hadi akachoka. Na nimeapa, mtu akianza kunionyesha kitu, hata kama ni namna ya kushika kijiko, nitamsikiliza hadi amalize, hata kama jirani yangu ananitazama, tena hapo ndipo nitauliza maswali zaidi.

Juzi nilikwenda Kyimo. Nikasimama kwenye migomba ya mwanzo na kwa mazoea nikakohoa, nikasubiri kusikia kiti kinasogezwa. Hakikusogezwa. Sauti ikatoka barazani ikasema, "Kama ni Atupele, apite. Ila kisu akiache nje."

Nikakitoa kiunoni, nikahakikisha kimefungwa, nikakiweka kwenye jiwe la mlangoni, nikapita.